Usilie, Ameshapona

Binti yangu aliporudi Singida na watoto wawili na masanduku matatu, sikumuuliza atakaa muda gani. Niliogopa jibu. Mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka miwili kabla, na nyumba yetu ya Unyambwa ilikuwa imekaa kimya kiasi kwamba nilikuwa namsemesha paka. Nilimshukuru Mungu kwa kurudi kwake, nikanyamaza. Kwa mtu aliyefundisha madrasa zaidi ya nusu ya umri wake, akihimiza watoto kila siku waseme kwa sauti, kunyamaza ni kazi, lakini niliiweza.

Alikuja na wazo. Jirani yetu alikuwa na ghala alilokuwa akihifadhia alizeti, sasa liko tupu. Binti yangu alilikodi, akalipaka rangi, akatandika mikeka, akafungua mahali pa mazoezi kwa wanawake pekee. Wanaruka, wanainuka, wanakaa, wanabeba madumu yaliyojazwa mchanga. Nasema hivyo kwa kusimuliwa. Mimi sikuwahi kukanyaga pale wakati wa mazoezi, na nikipita njia ile nilikuwa natazama upande wa pili, kwenye shamba la mtama, hata mtama ukiwa umeshavunwa.

Kaka yake, mwanangu wa kwanza, ana duka la vifaa vya ujenzi Dodoma. Alikuwa anamtaka aende akalisimamie, maana mtu wa kuaminika ni shida kumpata. Siku moja, mazoezi yakiwa yameshatimiza mwaka, niliwasikia wakizungumza kwenye simu, sauti imefunguliwa.

"Kaka, nipe mpaka Ramadhani iandame," binti yangu alisema. "Nikipata wanawake thelathini wanaokuja kila wiki, nabaki. Nisipopata, naja na watoto."

"Sasa hivi unao wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Haya. Nakuandalia chumba."

Nilikuwa nawasikiliza wajukuu wakisoma sura fupi, nikajikuta nimemwachia mdogo aruke aya mbili nzima bila kumrekebisha. Kumi na sita wengine watapatikana wapi? Mtu mwenye akili angemwita binti yake, amwambie, mwanangu, baki. Mimi niliona nikisema hivyo nitamfunga mguu. Nitakuwa mzee anayemzuia mtoto kutafuta riziki kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa kula peke yake. Kwa hiyo nikachagua njia niliyoiona ya busara, ya kumsaidia kimyakimya. Nikaingia kwenye mitandao.

Ukurasa wa biashara yake ulikuwepo, lakini yeye mwenyewe alisema umekufa. Anaweka picha asubuhi, mpaka jioni wameipenda watu sita, na mmoja wao ni yeye.

"Nipe mimi niuangalie," nilimwambia.

"Baba, wewe?"

"Kwani nimeshindwa kufundisha wangapi?"

Akacheka, akanipa simu ya biashara na bando la wiki. Nadhani aliona ni njia ya kunipa la kufanya kati ya adhuhuri na alasiri.

Chapisho langu la kwanza lilihusu mwili kuwa amana kutoka kwa Mola. Nililiandika siku mbili. Lilianza kwa kumhimidi Mungu na kumswalia Mtume, likaendelea na neema ya macho, masikio, figo na magoti, kila neema na aya yake, na mwisho kabisa, kwa yeyote aliyefika huko, nikataja kwamba kuna mazoezi. Lilipendwa na watu watatu. Mmoja alikuwa muuza mbolea ambaye aliandika chini yake kwamba anayo ya kukuzia na ya kupandia.

Nilimjibu. Nilimshukuru, nikamuuliza hali ya nyumbani kwake na mvua kwao zikoje.

Kwenye kujibu ndiko nilikopata umaarufu wangu wa kwanza. Mimi nimesoma, na nimefundisha, kwamba salamu ukipewa ni wajibu kuirudisha, tena kwa iliyo bora kuliko uliyopewa. Sikuona popote palipoandikwa kwamba mtandaoni hairudishwi. Mtu akiandika "shikamoo", nilimwandikia marahaba, habari za tangu siku nyingi, watoto hawajambo, mifugo je? Vijana wakagundua kwamba kuna ukurasa wa mazoezi ambao ukisalimia unajibiwa na mzee mwenye adabu zote. Wakaanza kuja kusalimia. Walitoka Itigi, walitoka Mwanza, mmoja alisema yuko Muscat anaosha magari. Walikuwa wanaandika shikamoo asubuhi na kurudi kuiandika jioni, na mimi nafuata nyuma, jicho moja limefumba kwa sababu miwani ina mkwaruzo, naandika marahaba, marahaba, marahaba.

Siku ya tano nilimwonyesha binti yangu. Nilikuwa na kiburi kidogo, Mungu anisamehe.

"Tazama. Mia mbili na kumi wamezungumza na sisi leo."

Alipitisha kidole juu ya kioo, akasoma kwa muda.

"Baba, hawa wanakusalimia wewe."

"Si ndiyo?"

"Hakuna hata mmoja anayeuliza mazoezi ni saa ngapi. Huyu yuko Muscat. Atakuja kuruka kamba saa kumi na mbili asubuhi kutoka Muscat?"

Siku hiyo wanawake walikuwa kumi na watatu. Mmoja alikuwa amehama.

Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi ya ndugu zetu Mtinko, naye akaenda na watoto kwa siku mbili. Kabla ya kuondoka alinipa kazi moja tu, na nataka ieleweke kwamba ilikuwa rahisi. Kulikuwa na mama mmoja, muuza mafuta ya alizeti sokoni, aliyefanya mazoezi mwaka mzima bila kukosa. Alikuwa ndiye mfano wao pale ukumbini. Baada ya kubembelezwa sana alikuwa amekubali picha zake ziwekwe.

"Ziko mbili humu," binti yangu alisema, mkoba begani. "Weka ya kabla kushoto, ya baada kulia. Andika maneno machache. Machache, baba."

"Nimesikia."

"Usianze na figo."

Walipoondoka nikakaa barazani, nikazifungua. Picha ya kwanza ilionyesha mama mnene, mashavu yamejaa, kitenge kimemkaa vizuri, anatabasamu. Ya pili ilikuwa ya mwanamke mwembamba, mifupa ya mashavu inaonekana, shingo ndefu, macho makali. Alikuwa mtu yuleyule. Mimi sikuwahi kumwona, kwa sababu ya ule mtama wangu.

Hapa inabidi nieleze nilivyolelewa. Kwetu Unyaturuni, nilipokuwa mdogo, mtu akirudi kutoka safari akaambiwa amekonda, wenye nyumba walikuwa wanaharakisha maziwa. Kukonda kulikuwa ni njaa, au homa, au mkwe mbaya. Mtu aliyenenepa ndiye aliyesifiwa, watu wakasema amenawiri, Mungu amemtazama. Hata leo, nikikutana na mwanafunzi wangu wa zamani mwenye kitambi, moyo wangu unamfurahia kabla akili haijauliza presha yake.

Basi nikazitazama zile picha mbili, na sikusita hata kidogo. Mwanamke aliyedhoofu ameingia kwenye mazoezi, na mwaka mmoja baadaye ametoka na mashavu. Niliona huo ndio ushahidi kwamba kazi ya binti yangu ina baraka. Nikaiweka ya mwembamba kushoto, ya mnene kulia, nikaandika maneno machache kama nilivyoagizwa:

"Dada yetu alikuja kwetu akiwa dhaifu, mgonjwa, kama mnavyomwona kushoto. Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu na mazoezi, sasa amepona na amenawiri. Karibuni nanyi."

Nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi, simu ilikuwa inatetemeka mezani kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Watu mia nne. Nilipomaliza magharibi walikuwa wameshavuka elfu. Na karibu wote walikuwa wameweka vile vichwa vya manjano vinavyotokwa na machozi.

Niliguswa. Sikujua kwamba watu wa siku hizi bado wana huruma kiasi hicho. Wanalia kwa ajili ya mwanamke wasiyemjua, wengine wameweka vichwa vitano, vichwa kumi, machozi yanaruka pande zote mbili. Nikaona si haki kuwaacha katika huzuni. Nikaanza kuwajibu mmoja mmoja: "Usilie, ameshapona." Mwingine: "Pole mwanangu, usilie, ameshapona." Kwa aliyeweka vichwa kumi niliandika zaidi: "Jikaze. Haya ni mapito. Mtazame tena kulia."

Kadiri nilivyowafariji ndivyo walivyozidi kulia. Mpaka nafika isha kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Niliswali rakaa mbili za shukrani. Mimi kushukuru sichelewi. Kasoro yangu ni kwamba huwa nashukuru kabla ya kuuliza ni nini hasa nimepewa.

Binti yangu alirudi asubuhi ya siku ya pili. Hakunisalimia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze kusema.

"Baba, umeandika nini?"

"Umeona? Mpaka sasa ni elfu tatu na—"

"Umezigeuza."

"Nini?"

"Picha. Umezigeuza. Alikuwa mnene, amepungua. Mazoezi ni ya kupunguza, baba. Watu wanakuja kupungua."

Nilikaa kwenye mkeka polepole. Nilijua, kama mtu anavyojua mambo ya nchi nyingine, kwamba kuna watu wanaotaka kupungua. Sikuwa nimefikiri kwamba hilo ndilo linalouzwa pale kwenye ghala la jirani.

"Na hawa wote wanaolia?"

Akanitazama. Nadhani alitaka kukasirika zaidi, lakini mdomo ulimtetemeka.

"Hawalii, baba. Hicho ni kicheko. Ni mtu anayecheka mpaka machozi."

Nikawakumbuka wote niliowaambia wajikaze.

"Futa," nilisema.

"Siwezi kufuta bila yeye kusema. Leo hakuja mazoezini, wenzake wamenipigia. Kwa mwaka mzima hajawahi kukosa, leo hakuja. Na wanawake wawili wamesema kama hata yeye anafanyiwa hivi, wao hawarudi." Alianza kukunja nguo za watoto zilizotoka Mtinko, akizipanga kwenye sanduku badala ya kabati. Labda ilikuwa ni kwa sababu sanduku lilikuwa karibu. Mimi sikuthubutu kuuliza. Nilivaa kanzu nikaenda sokoni.

Meza yake haikuwa ngumu kuipata, chupa za mafuta zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa kwa jua la saa nne. Na aliyesimama nyuma yake alikuwa yule mwembamba. Hata baada ya kuelezwa, moyo wangu ulitaka kumwagizia maziwa.

"Shikamoo mwalimu," alisema, akiendelea kufuta chupa.

"Marahaba mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Umekuja kuangalia kama nimepona?"

Muuza vitunguu wa meza ya pembeni aliinamia gunia lake, mabega yakamtikisika.

"Nimekosea," nilisema. "Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Wote walidhani hivyohivyo." Aliweka chupa chini. "Nilipoanza kupungua, mwalimu, walisema nimeupata ugonjwa. Wifi yangu alikuja na uji na machozi, ya kweli, si ya simu. Mume wangu aliulizwa na wenzake kama na yeye ameshapima. Na hata ningekuwa nao, ni wa kuchekwa mimi? Ndiyo maana nilikubali picha. Nikasema wacha waone nimepungua kwa jasho langu. Halafu wewe, mwalimu wa watoto wangu, ukaandika kwamba nilikuja mgonjwa."

Nimewahi kusimama mbele ya wazazi wenye hasira, na mbele ya kamati ya msikiti. Sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona mbele ya zile chupa.

"Nitafuta leo hii," nilisema.

"Ukifuta watasema ni kweli, imefichwa. Usifute. Sema."

"Nitaandika maelezo—"

"Usiandike. Ukiandika unaharibu. Sema kwa mdomo wako, watu wakuone." Akamgeukia muuza vitunguu. "Wewe, acha kucheka, shika simu."

Nikasimama kando ya meza, nikarekebisha kofia, nikaanza kama ninavyoanza siku zote. Nilimhimidi Mungu, nikamswalia Mtume na sahaba zake, nikataja neema ya ulimi, nikawa naingia kwenye hatari za ulimi aliponikatiza.

"Mwalimu, leo si Ijumaa. Anza na kosa."

Tukarudia. Safari hii nilisema hivi, na nayakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa:

"Mimi ni mzee niliyewafundisha wengi wenu kusoma. Picha za mama huyu nimeziweka kinyume. Ile nene ni ya mwaka jana, ile nyembamba ni ya sasa. Alikuwa na presha, ameniruhusu niseme. Ametoka jasho mwaka mzima, na daktari amempunguzia dawa. Mimi niliona wembamba nikadhani ni ugonjwa, kwa sababu ndivyo nilivyokuzwa. Nilikosea. Na wale niliowaambia wasilie, nimeshaelezwa kwamba mlikuwa mnacheka. Endeleeni."

Hapo mama wa mafuta mwenyewe ndipo alipocheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akashika ukingo wa meza. Sikumwomba tena anisamehe, na yeye hakusema amesamehe. Alinifungia chupa moja ya mafuta kwenye gazeti, akakataa kupokea chochote, akasema tu kesho ataenda mazoezini.

Binti yangu aliiweka video ile, na sasa ni yeye aliyekuwa ameshika simu. Wanawake wakaanza kuja. Wawili, kisha watano, kisha siku moja saba kwa mpigo. Kwa wiki nzima nilitembea Unyambwa kama mtu aliyeokoa jahazi. Nilimweleza imamu wetu kwamba siri ya mitandao ni unyenyekevu, nikamweleza kwa dakika arobaini. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa fundi baiskeli, aliniambia amemruhusu mkewe kwenda kwa kuwa mwalimu ndiye aliyesema kupungua si ugonjwa. Nililirudia neno hilo kwa kila aliyetaka kulisikia na kwa baadhi ya wasiotaka.

Kisha binti yangu akanionyesha daftari lake. Kila anayejiandikisha humuuliza amesikia wapi. Wanne walikuwa wameandika "video ya mwalimu". Wengine wote, mmoja baada ya mwingine, waliandika "meza ya mafuta". Yule mama alikuwa anamuuliza kila mteja kama anapima presha, anamwonyesha picha zake mwenyewe, zikiwa zimepangwa sawasawa safari hii, na jirani yake wa vitunguu anakazia maneno. Hakuwa na bando. Alikuwa na mdomo na watu wanaomfahamu.

Siku mbili kabla ya Ramadhani kuandama, tulikuwa tunakula mchana, simu ikaita. Ni kaka yake kutoka Dodoma. Binti yangu alifungua sauti, mikono yake ina ugali.

"Mmefika wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Kweli?"

"Njoo uhesabu."

"Haya. Duka nitalitafutia mtu." Nilisikia anavuta pumzi. "Baba yupo?"

"Nipo," nilisema.

"Baba, ile video nimeitazama hapa dukani na mafundi wote. Lakini nikuulize. Ulikuwa unataka abaki tangu mwanzo, siyo?"

Wajukuu waliacha kutafuna. Nilitazama mboga, nikatazama mlango.

"Ndiyo."

"Si ungesema tu?"

Nilianza kueleza habari ya kumfunga mtu mguu, na riziki, na jinsi mzazi asivyotakiwa kuwa kizuizi. Yalikuwa maelezo mazuri, nilikuwa nimeyatayarisha kwa miezi mitatu. Binti yangu alinikatiza kwa sauti ndogo.

"Ningebaki hata kwa wale kumi na wanne, baba. Nilikuwa nasubiri useme. Nilidhani tumekuchosha, watoto wanapiga kelele, na wewe umezoea utulivu."

Nilifikiria bando lote lile, na marahaba zangu zilizofika mpaka Muscat, na mama wa watu aliyechekwa na mkoa mzima, kwa sababu ya neno moja ambalo lingetosha kusemwa hapa kwenye mkeka, bila miwani.

"Nataka mbaki," nilisema.

"Nimesikia," alisema binti yangu, akanisogezea bakuli la mlenda. "Sasa kula, unapoa."